Uzinduzi wa Kidawa

Ilikuwa zamani, wala si zamani ya mbali. Tuseme zamani ya juzi mchana. Palikuwa na nchi ambayo jina lake silitaji, kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa tangu mwenye ufunguo aende semina. Majirani zake huiita Kule. Nasi tuiite hivyo hivyo, tusijitafutie makuu.

Huko Kule aliishi dobi mmoja mwanamke, jina lake Sikudhani. Kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi nguo za wakubwa, kwa pasi ya mkaa, na kola alizozitia wanga kwa mkono wake zilisimama wima hata pale mwenye shati alipokuwa amelala kikaoni. Alikuwa na binti mmoja, Kidawa, wa miaka sita na miezi kumi na moja na ushee. Baba yake Kidawa alikwenda kutafuta maisha. Maisha hayajapatikana, na yeye mwenyewe hajapatikana.

Kidawa alitaka kitu kimoja tu hapa duniani: kuzima mshumaa.

Usicheke. Mishumaa aliijua sana, maana umeme wa Kule ulikuwa na tabia za mgeni mwenye haraka: haujakaa, umeshaaga. Lakini kila alipouvimbishia mshumaa mashavu, mama yake alimdaka: "We! Ukiuzima tutaonana vipi?" Halafu siku moja shuleni akasikia maajabu. Kumbe mtoto akitimiza mwaka huwekewa mshumaa juu ya keki, na watu wazima, wenye akili zao timamu, humzunguka wakimwambia, puliza! Tangu hapo hakulala vizuri.

Alipotimiza minne, mama alimwambia mwakani. Alipotimiza mitano unga ulikuwepo, sukari haikuwepo. Alipotimiza sita sukari ilikuwepo, mama hakuwepo. Alikuwa wodini anatetemeka kwa malaria. Mwaka huu Sikudhani alikula yamini. Liwake jua, inyeshe mvua, mtoto atapuliza.

Akapanga mambo yake kwa akili ya mtu aliyezoea kukuna nazi moja kwa vyungu vitatu. Unga nusu kilo. Mayai matatu ya kuku wa shoga yake Mashavu, kwa makubaliano kwamba gauni la kitchen-pati la Mashavu lipigwe pasi bure. Juisi ya ukwaju, maana ukwaju huokotwa. Bisi sinia moja. Maputo matano, moja likiwa na kiraka. Mshumaa mmoja wa kukatwa vipande. Na keki yenyewe ataioka kwenye sufuria, mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko, na mkaa wenyewe ni ule unaobaki kwenye pasi.

"Na watoto umewaalika wangapi?" Mashavu alimuuliza.

"Kumi na mmoja."

"Haa! Shoga, umesahau Sheria ya Makofi?"

Hapa inabidi nieleze kidogo, kwa ajili ya wasomaji wa nchi zenye bahati kama yetu, ambako mambo haya hayajulikani kabisa. Bunge la Kule liligundua kwamba wananchi wanapiga makofi ovyo. Timu ikifunga, makofi. Bibi harusi akitoka, makofi. Siku moja ilinyesha mvua baada ya ukame na watu wakaipigia makofi mvua, ilhali mkuu wa wilaya alikuwa amekaa nyumbani kwake hana hata kofi moja. Ikaamuliwa kwamba makofi ni rasilimali ya taifa. Mkusanyiko wowote wa furaha unaozidi watu kumi lazima uwe na mgeni rasmi wa kuyapokea.

"Ni watoto," alisema Sikudhani. "Watapiga makofi kwa kidole kimoja kimoja."

*

Mjumbe wa mtaa, Mzee Pazi, alipewa nyumba kumi za kuziangalia, ila pua yake ilifika nyumba kumi na mbili. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni, muhuri mfukoni.

"Hodi! Mama Kidawa, nimepokea taarifa kwamba hapa kuna dalili za furaha."

"Karibu, Mzee wangu. Dalili gani tena?"

"Puto. Jekundu. Limeonekana likiwa mdomoni mwa mtoto."

"Aa, ni kijibethidei tu, Mzee Pazi. Kidawa anatimiza saba. Mambo ya watoto."

"Watoto wangapi?"

Sikudhani hakuzoea kusema uongo kabla ya kifungua kinywa. "Kumi," alisema. Akameza mate. "Na mmoja."

Mzee Pazi alifumba macho kwa uchungu wa kweli. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye muhuri tu. "Ungesema tisa, mama," alisema. "Mwanamke wewe, tisa ingekugharimu nini? Ungesema tisa nisingehesabu. Sasa umesema, nami nimesikia, na masikio haya yote mawili ni ya serikali."

Akampa barua ya kwenda Ofisi ya Itifaki.

*

Afisa Itifaki aliitwa Bwana Kitojo, mtu mwembamba mwenye tai ndefu kuliko subira yake. Aliisoma barua, akavuta droo, akatoa mafungu matatu ya karatasi.

"Fomu ya bethidei hatuna," alisema. "Tuna ya kuweka jiwe la msingi, tuna ya uzinduzi wa mradi, tuna ya maombolezo. Chagua."

Jiwe Sikudhani alihofia lingemwangukia mtoto. Ya tatu hakuitaja, akatema mate pembeni kuondoa mkosi. Ikabaki uzinduzi.

"Jina la mradi?"

"Kidawa."

"Ulianza lini?"

"Miaka saba iliyopita. Ukitoa ile miezi tisa ya kabla."

"Haitolewi," alisema Kitojo, akaandika: *upembuzi yakinifu, miezi tisa*. "Mfadhili?"

"Baba yake. Alijitoa."

"Ndivyo walivyo. Mradi umekamilika kwa asilimia ngapi?"

Sikudhani alimgeukia binti yake, ambaye muda wote alikuwa amesimama kando akihesabu mihuri. Kidawa akatabasamu kwa adabu. Meno mawili ya mbele, juu, hayakuwepo.

"Tisini na tatu," aliandika Kitojo. "Na haya mapengo mawili?"

"Si yataota yenyewe, bwana?"

Kalamu ilitua mezani kana kwamba imetukanwa. "Mama. Hakuna kitu kinachoota chenyewe nchi hii. Naandika: *serikali iko mbioni kuyaziba*." Akageuza ukurasa. "Ratiba. Saa tatu asubuhi, wageni kuwasili. Mgeni rasmi kukata utepe. Mgeni rasmi kukata keki. Mgeni rasmi kuzima mishumaa."

"Na mimi nitazima lini?" aliuliza Kidawa.

Bwana Kitojo alimtazama kwa mara ya kwanza, si kwa ubaya, ila kama mtu aliyesemeshwa na meza. "Wewe ndiye mradi, binti. Umewahi kuona daraja likijikatia utepe?"

Kidawa hakulia. Mdomo wake wa juu uliingia tu ndani, pale penye pengo, ukakaa humo.

"Basi nafuta," alisema Sikudhani, akanyanyuka. "Hakuna sherehe. Kwaheri."

"Uzinduzi ukishaombwa haufutwi. Ukifutwa, mradi husimama ulipo. Atabaki miaka sita kwenye kumbukumbu zetu. Mwakani sita, mwaka wa kesho kutwa sita. Ataolewa ana sita."

Walitembea mpaka karibu na nyumbani. Ndipo Kidawa akauliza, "Mama, huyo mgeni rasmi kwao umeme haukatiki?"

"Kwao? Wana jenereta mbili."

"Ndiyo maana," alisema Kidawa. "Hajawahi kuuona mshumaa, maskini."

Sikudhani alikuwa ameuma meno, na akiuma meno yule mwanamke, hata mkunjo wa suruali ya kanali hunyooka.

*

Ikaundwa kamati ya maandalizi ya watu ishirini na wawili. Kamati ilikutana Jumatatu ikala bisi. Jumanne ikakutana kujadili bisi zimekwenda wapi. Jumatano ilileta ndoo ya rangi ya samawati, wakaupaka ukuta wa mbele wa nyumba ya Sikudhani ukang'aa hata kunguru wakaona haya kutua juu yake.

"Na nyuma je?" aliuliza Sikudhani.

"Nyuma hakuzinduliwi," alisema Mzee Pazi, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti. "Tazama zahanati yetu."

Zahanati ya mtaa ilikuwa imezinduliwa mara tatu. Ilikuwa na ukuta mzuri wa mbele, msalaba mwekundu, na mlango wa mninga. Ukiufungua mlango unatokea kwenye muhogo wa Mama Sesilia.

Alhamisi akaja Bwana Kitojo na utepe wa kupimia. Akauliza keki itakuwa na kimo gani. Sikudhani akamwonyesha kwa mikono: upana wa sufuria, urefu wa kiganja.

"Mama, unanichekesha. Keki ya uzinduzi lazima imfike Mheshimiwa kifuani. La sivyo atainama, na kamera ikimwona Mheshimiwa ameinama, mimi nitanyooshwa."

"Nina unga nusu kilo, bwana. Nyie mna fungu?"

"Fungu liko njiani."

"Njia ipi, niende nikalipokee?"

Kitojo akatazama saa yake. Ilikuwa imesimama, lakini alitazama hivyo hivyo.

Sikudhani aliutazama ukuta wa samawati, kisha akaitupia jicho zahanati kule mwisho wa njia. Akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokitaka: "Hivi, bwana, hiyo keki Mheshimiwa ataikatia wapi?"

"Mbele. Kamera zilipo."

"Mbele tu?"

"Tangu niajiriwe sijaona kitu kikikatwa nyuma."

"Ahsante," alisema Sikudhani. "Nimeelewa. Kifuani, umesema?"

*

Dobi hakosi maboksi ya sabuni. Sikudhani na Mashavu wakayapandanisha matatu, kubwa chini, dogo juu, wakayaziba kwa gundi ya unga. Wakakoroga wanga, ule ule wa kola za waheshimiwa, mzito kama uji wa mgonjwa, wakayapaka mpaka yakawa meupe pe, yenye mikunjo na maua. Yalipokauka, ungeyagonga ungedhani ni bakuli la kaure.

Kisha wakaoka keki ya kweli. Nusu kilo, mayai matatu, mkaa wa pasi. Chini iliungua kidogo, kwa sababu Mashavu alikuwa anasimulia habari za mawifi zake. Sikudhani akakata kipande kimoja cha ukubwa wa kiganja. Akatoboa kidirisha mbele ya boksi la katikati, akakichomeka humo, akakisiliba sukari.

"Hiyo ndiyo kodi," alisema Mashavu.

Keki iliyobaki wakaiweka ndani ya kapu la nguo chafu, chini ya kanga. Hakuna afisa wa Kule aliyewahi kuingiza mkono kwenye nguo zake chafu mwenyewe.

Kidawa alikuwa amekaa juu ya ndoo, akiangalia. "Mama," alisema, "huu si uongo?"

"Hapana, mwanangu. Huu ni mradi."

Mshumaa Sikudhani aliukata kwa kisu cha moto. Saba akavisimamisha juu ya boksi. Cha nane, kijikipande cha mwisho chenye utambi mfupi kama kope, akakifunga kwenye pindo la kanga yake.

*

Siku yenyewe, saa tatu asubuhi, watoto kumi na mmoja walipangwa mstari wakiwa na bendera za karatasi. Saa sita bendera zilikuwa zimeliwa na mbuzi wa jirani. Saa nane mtoto mmoja alisinzia wima. Keki ya kawaida ingekuwa imeshayeyuka ikaenda zake, ila wanga ni wanga. Jua lilivyozidi, ndivyo ulivyokakamaa.

Saa tisa alasiri, Mheshimiwa akafika.

Huyu alikuwa Mheshimiwa Tarumbeta, Waziri wa Uzinduzi. Kule zilikuwepo wizara mbili: ya Uzinduzi, yenye ghorofa tisa, na ya Ukamilishaji, yenye chumba kimoja nyuma ya choo, na mtumishi wake alishastaafu. Mheshimiwa alikuja na magari kumi. La mwisho lilikuwa la zimamoto, kwa kuwa ripoti ilitaja mishumaa saba.

Utepe ulikuwa umefungwa kiunoni kwa Kidawa, ukaviringishwa kwenye nguzo mbili. Mheshimiwa akapewa mkasi juu ya mto wa hariri.

"Natamka rasmi," alinguruma, "kwamba Kidawa amezinduliwa!"

Makofi yakapigwa, yote ya halali. Mheshimiwa aliyapokea kwa mikono miwili.

"Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa. Nataka kuwauliza swali dogo. Serikali yetu ilipoingia madarakani, mtoto huyu alikuwa na miaka mingapi?"

"Sifuri!" walijibu wajumbe wa kamati, ambao walikuwa wamefanya mazoezi.

"Na leo?"

"Saba!"

"Saba! Kutoka sifuri! Takwimu hizi sikuzitunga mimi. Wapo wanaobeza. Wanasema angekua hata bila sisi. Waulizeni: wao wamemkuza nani? Watoto wao wana umri gani? Na umri huo wameupatia wapi kama si humu humu nchini?"

Mama mmoja akazimia kwa jua. Ikaandikwa kwamba amezidiwa na furaha.

Ikafuata risala. Bwana Kitojo alikuwa amemfundisha Kidawa siku nne, na kumpa ufunguo mmoja wa kujibia maswali yote. "Ukiulizwa lolote usilolijua," alimwambia, "sema awamu, sema fungu, sema mchakato. Mimi nimesomesha watoto watatu kwa maneno hayo." Sasa Kidawa alisimama na karatasi, akasoma kwa sauti iliyopigia mluzi kwenye pengo:

"Mheshimiwa mgeni rasmi, pamoja na mafanikio hayo, mradi unakabiliwa na changamoto. Mapengo mawili. Viatu vinabana. Tunaomba serikali sikivu ilione hilo."

"Limeonekana!" alisema Mheshimiwa, akimtazama mdomoni. "Yatazibwa bajeti ijayo."

Ndipo mishumaa ikawashwa.

Kidawa alikuwa hatua mbili kutoka kwenye boksi. Sikudhani, kutoka pale alipowekwa na itifaki, nyuma ya kiti cha msaidizi wa msaidizi, alimwona mwanawe akivuta pumzi. Mashavu yake yakajaa. Macho yakang'aa, vijimoto saba katika kila jicho. Halafu Bwana Kitojo akamgusa bega, na mashavu yakashuka taratibu, kama lile puto la kiraka.

Mheshimiwa akapuliza. Ikazimika miwili. Akapuliza tena, ukawaka mmoja uliokuwa umezimika. Wasaidizi wanne wakainama wakampulizia kwa niaba, na zimamoto wakakaa tayari. Mwisho yote ikazimika, na taarifa ikasomwa kwamba hakuna aliyejeruhiwa.

Kisha Mheshimiwa akashika kisu. Akakata pale pale mbele, penye kidirisha. Kipande kikatoka, laini, cha manjano, akakitia mdomoni, akafumba macho.

"Mmm! Tamu! Na ina harufu ya... ya..."

"Usafi, Mheshimiwa," alisema Kitojo.

"Usafi! Ndugu wananchi, hii ndiyo keki ya kwanza isiyo na harufu ya rushwa!"

Sikudhani akaanza kupumua. Mapema mno. Mheshimiwa alijilamba vidole, akapenda alichokilamba. "Nikate kingine," alisema, "nimlishe Mkuu wa Wilaya."

Akakipeleka kisu upande wa kushoto.

Mashavu alianza kusoma dua zote alizozijua, na nyingine za watu. Mzee Pazi aliangalia viatu vyake kama ndiyo mara ya kwanza kukutana navyo. Kisu kikashuka, kikagonga wanga.

*Ko.*

Mheshimiwa akainua kisu, akakishusha tena.

*Ko, ko.*

"Mbona inabisha hodi?" aliuliza Mheshimiwa.

Sikudhani aliiona jela. Akamwona na mtoto wake, ana miaka sita kwenye kumbukumbu, milele. Akafungua mdomo akubali kosa, na kabla neno halijatoka, kile kisauti cha mluzi kilisikika.

"Mheshimiwa, hiyo ni awamu ya pili."

Mheshimiwa akageuka. Kidawa alikuwa amesimama wima, kipande cha utepe kikining'inia kiunoni.

"Unasemaje?"

"Awamu ya pili. Fungu lake bado. Mchakato unaendelea."

Ilipita dakika nzima. Nzi alitua kwenye kipaza sauti akasikika mpaka mtaa wa pili. Mheshimiwa Tarumbeta alimtazama yule mtoto, kisu mkononi, na midomo yake ikaanza kutetemeka. Machozi yakamtoka.

"Ndugu wananchi," alisema kwa sauti iliyokatika, "miaka ishirini ninaeleza jambo hili. Miaka ishirini! Nimelieleza bungeni, nimelieleza kwa wahisani, hakuna aliyenielewa. Leo nimeelewa na mtoto... yaani, nimeeleweka! Nani mimi niikate awamu ya pili bila fungu?" Akakirudisha kisu kwenye mto wa hariri. "Naagiza keki hii ipelekwe makao makuu kama ilivyo. Itunzwe. Itembelewe. Fungu likitoka, nitarudi mimi mwenyewe kuzindua upande wa kushoto!"

Makofi yakatikisa bati.

Bwana Kitojo akapewa kazi ya kuipakia. Akaikumbatia keki, akajikaza, akainyanyua kwa nguvu za mzigo wa kilo thelathini. Nusura airushe juu ya paa. Akabaki amesimama, keki imeelea mikononi mwake kama mto wa sufi. Akageuza shingo taratibu, mpaka macho yake yakakutana na ya Sikudhani.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "nimeshabeba miradi kumi na miwili ya wizara hii."

"Ndiyo, bwana," alinong'ona Sikudhani.

"Huu ndio mzito kuliko yote."

Kisha akapaza sauti: "Njooni wanne hapa! Taratibu, taratibu, itawavunja migongo!"

Msafara ukaondoka kwa vumbi. Nasikia keki hiyo imewekwa kwenye kabati la kioo makao makuu, na askari wawili wanailinda wasiingie sisimizi, ingawa sisimizi wenyewe walikwenda siku moja, wakaizunguka, wakarudi kwao. Taarifa ya mwaka inasema imeliwa na wananchi elfu arobaini na bado ipo. Nasikia pia kwamba meno mawili ya Kidawa yalipoota, walikuja kuyazindua. Lakini hayo ni ya baadaye.

*

Siku ile ile, vumbi lilipotua, Sikudhani alilibeba kapu la nguo chafu akazunguka nalo nyuma ya nyumba, kwenye ukuta wa udongo usiojua rangi. Watoto kumi na mmoja wakamfuata kwa vidole vya miguu. Akafunua kanga. Ilikuwemo keki ndogo ya kimo cha kiganja, imeungua chini, ina pengo moja mbele.

"Kama wewe," alisema Mashavu, na Kidawa akacheka kwa mara ya kwanza wiki nzima.

Kisha akaiinamia, akainusa. "Mama, na hii imezinduliwa?"

"Hapana, mwanangu. Hii ni ya kuliwa."

Sikudhani akafungua pindo la kanga, akatoa kile kijikipande cha nane. Akakisimamisha katikati, akawasha kiberiti. Utambi ule mfupi ulisita, ukashika. Watoto wakasogea. Kidawa akavuta pumzi, mashavu yakajaa, na hapo hapo akajizuia, akamwangalia mama yake kwa woga wa siku zote.

"Nikiuzima," alisema, pumzi imembana, "tutaonana vipi?"

Sikudhani alimshika kidevu. "Bado ni mchana, mama yangu. Tutaonana tu. Puliza."

Kidawa akapuliza. Pumzi ilitokea kwenye pengo kwa mluzi, kama birika linalochemka. Moto ukalala upande, ukainuka, ukalala tena, ukaenda zake. Kamoshi kembamba kakapanda mbele ya pua yake, naye akakaangalia mpaka kakaisha.

Watoto wakasahau yote waliyofundishwa. Wakapiga makofi kwa viganja vizima, wote, na Mashavu akatia kigelegele juu yake.

Hapo ndipo kikohozi kikasikika kwenye kona ya nyumba. Makofi yakakatika kama umeme. Mzee Pazi alikuwa amesimama pale, muhuri mkononi, masikio yote mawili ya serikali yamesimama. Akawatazama watoto, mmoja mmoja, akihesabu kwa kidole, midomo ikicheza. Akafika kumi na mmoja. Akasita. Akaiangalia keki.

"Tisa!" alitangaza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Nimehesabu tisa!"

Akautia muhuri mfukoni, akajipangusa kiganja kwenye kanzu, akakinyoosha.